Goti bovu la mfanyabiashara: tazama kiatu kwanza

KIBULI, Kampala. Kutoka Kikuubo hadi kilima cha Kibuli si mbali kwa bodaboda. Mfanyabiashara aliyezunguka na mafurushi tangu alfajiri, akapandisha kwa miguu, huipima njia hiyo kwa magoti.

Maumivu ya chini kidogo ya kifuniko cha goti, yanayozidi mtu anaposhuka ngazi, anapochuchumaa kufunga mzigo au anapoinuka baada ya safari ya basi kutoka Busia au Mutukula, mara nyingi hutoka kwenye kano inayounganisha kifuniko hicho na mfupa wa muundi. Wengi huchua dawa, humeza vidonge na kuendelea. Wachache hutazama viatu.

Unyayo unapolalia sana upande wa ndani, muundi nao huzunguka ndani, na goti hulazimika kufuata. Soli ya ndani yenye tao hupunguza mzunguko huo. Kujipima ni rahisi: lowanisha mguu, kanyaga sakafu ya saruji. Alama ikitokea nzima, bila pengo upande wa ndani, unyayo wako ni bapa. Si ugonjwa, wenye nyayo hizo wasioumwa goti ni wengi.

Je, soli hizo husaidia? Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la BMJ ulifuatilia watu 179 wenye maumivu ya kuzunguka kifuniko cha goti. Baada ya wiki 6, waliovaa soli zenye tao, za kununuliwa tayari, walipata nafuu kuliko waliopewa soli bapa. Lakini waliotibiwa na mtaalamu wa tibaviungo hawakuwa nyuma yao, na kuunganisha vyote viwili hakukuongeza faida. Kwa kano yenyewe, ushahidi wa soli ni mdogo zaidi.

Kwa hesabu ya biashara, basi, mtaji usiishie kwenye soli ya kupimiwa. Anza na ya bei nafuu, ndani ya kiatu kilichofungwa. Haikai kwenye kandambili, na sokoni ndizo zinazotawala. Kisha mazoezi: egemea ukuta, kunja magoti kiasi, shikilia sekunde 30 hadi 45, pumzika, rudia mara 5. Kano hupona kwa mzigo unaoongezwa polepole, kwa miezi.

Goti lililovimba baada ya kuanguka, lenye joto, au lisilonyooka, halisubiri soli. Hospitali ya Waislamu ya Kibuli iko hapo hapo kilimani.