Jambia la Mwanamaji: Lisome Kabla Hujalilipia

Wenzangu wanalalamika kwamba waume zao wanamaliza pesa kwenye mpira. Wa kwangu ugonjwa wake ni majambia! Si yale ya Kiarabu yaliyopinda, bali yale mafupi, yaliyonyooka, ambayo maofisa wa jeshi la majini la Ujerumani waliyaning'iniza kiunoni wakiwa na sare zao. Hapa Hamburg tunakoishi, mwisho wa wiki hatumkosi kwenye masoko ya vitu vya kale. Kwa kuwa akaunti yetu ni moja, na mimi nikaamua kujifunza. Feki zimejaa tele, na kuingizwa mjini ni dakika moja tu.

Mpenzi msomaji, kama mwenzi wako naye ameanza kuyatamani, haya ndiyo ninayoyaangalia.

Anza na kichwa

Kichwa cha mpini ndicho kinachotaja enzi. Taji ni la dola ya Kaisari, iliyoanguka mwaka 1918. Tufe lenye miali ya moto ni la miaka ya 1920, Ujerumani ilipokuwa jamhuri. Tai aliyeshika swastika alikuja na mtindo wa 1938, enzi ya Hitler.

Kwa hiyo muuzaji akikuapia kwamba jambia lake la tai lilivaliwa na ofisa wa Königsberg, ile manowari iliyoishia delta ya Rufiji Julai 1915, mwage hapo hapo. Tai huyo alikuwa bado hajazaliwa!

Lakini usiwe mwepesi wa kusema feki. Kichwa hufunguliwa kwa kuzungushwa, na baada ya 1938 maofisa wengi waliondoa kile cha miali wakaweka tai. Ndiyo maana unaweza kukuta jambia lenye umri mkubwa kuliko kichwa chake, na bado ni halali.

Shuka kwenye mpini

Mipini mingi ya enzi ya Kaisari ilikuwa ya pembe za ndovu, imezungushiwa waya uliosokotwa. Baadaye ikaja ya mbao iliyovikwa seluloidi. Ile nyeupe, kadiri inavyozeeka, hugeuka manjano na mara nyingine hupasuka. Mpini mweupe pee, wenye alama ya kuunganishwa kama ya sahani ya plastiki, una maswali. Na mtu akitaka kuujaribu kwa sindano ya moto, mzuie haraka: seluloidi inashika moto vibaya sana.

Angalia pia rangi ya dhahabu. Kwenye jambia lililovaliwa kweli, huchakaa pale palipoguswa na kusuguliwa. Kwenye feki nyingi uchakavu umesambaa sawasawa kila mahali, kama umepakwa kwa brashi.

Chomoa ubapa

Hapa beba kioo cha kukuzia. Ubapa wa mtindo wa 1938 una kama sentimeta 25, na mara nyingi umechorwa nanga na meli za matanga. Tafuta alama ya kiwanda: kindi ni wa Eickhorn, kichwa cha askari mwenye kofia ya chuma ni cha WKC, vyote vya mji wa Solingen. Mistari iwe safi na makini. Ikififia au ikiwa na vipele, rudisha kwenye ala, sema asante, ondoka.

Mazungumzo ya nyumbani

Hata jambia halisi linaweza kuleta ugomvi. Pembe za ndovu zina sheria kali: biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kupitia CITES mwaka 1989, na Umoja wa Ulaya unadai cheti hata kwa vya kale. Usithubutu kulitia kwenye begi ukija likizo Dar au Nairobi bila vibali.

Swastika nayo si pambo la sebuleni. Sheria ya Ujerumani inakataza kuionyesha hadharani, ndiyo maana wauzaji huibandikia karatasi. Lakini kwangu hoja si sheria pekee. Nani atawaeleza watoto na wageni alama ile iliua watu wangapi? Sisi tumekubaliana: taji na miali ruksa, tai haingii ndani. Alinuna wiki nzima, kisha akaelewa.

Kaeni chini ninyi wawili, wekeni kiwango cha pesa na mpaka wa kipi kinaingia nyumbani. Mkifanya hivyo mapema, sokoni mtakwenda mmeshikana mikono.