Nyabiondo: Ubunifu unapita barabarani, darasani bado unabisha hodi

Kutoka Masisi hadi Rutshuru na Goma, pale gari linapokwama, chukudu inapita. Inabeba viazi, makala na mbao, mamia ya kilo kwa safari moja. Historia yake inarudishwa hadi miaka ya 1970, na haikutoka katika kiwanda chochote. Mafundi wa kwetu walichonga magurudumu ya mti, wakayavika mpira wa gari uliochakaa ili yasilike kwa mawe. Leo sanamu ya chukudu inasimama mjini Goma.

Lakini mtoto wa Nyabiondo, katika sekta ya Osso-Banyungu, akiingia darasani anaiacha akili hiyo mlangoni. Kazi yake inakuwa kunakili ubaoni na kukariri kwa ajili ya mtihani. Akijaribu jibu lake mwenyewe na kukosea, anachekwa. Kesho yake ananyamaza.

Kwenye karatasi, serikali inataka mambo mengine. Programu za sayansi za mwaka 2018, za darasa la saba na la nane, zinamtaka mwalimu aanzishe somo kwa jambo la maisha ya kila siku. Ugumu uko katika utekelezaji. Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi ni bure katika shule za serikali na madarasa yamejaa. Juu ya hayo, vita vimewakimbiza wakaaji wa Masisi mara nyingi, na masomo yakakatika.

Je, shule isiyo na vitabu wala umeme inaweza kulea wabunifu? Nchini Kenya, mwalimu Peter Tabichi alifundisha sayansi katika shule ya sekondari ya Keriko, kaunti ya Nakuru, yenye kompyuta moja tu na mwalimu mmoja kwa wanafunzi 58. Aliimarisha kilabu cha sayansi, na wanafunzi wake wakabuni kifaa cha kuwasaidia vipofu na viziwi kupima vitu. Mwaka 2019 alipata Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani, dola milioni moja.

Tabichi alianzisha pia kilabu cha amani, maana eneo hilo lilikuwa limeumizwa na machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Kwa Masisi, hilo lina uzito wake: watoto wa makabila tofauti wanaotengeneza kitu kimoja wanalazimika kusikilizana.

Mwanzo wake si wa gharama. Prefe anaweza kutenga saa moja kwa juma na kumwalika seremala wa chukudu. Wanafunzi wapime mzigo, walinganishe gurudumu lenye mpira na lisilo nao, kisha wapendekeze breki iliyo bora. Jaribio likishindwa, mwalimu aulize kwa nini, asitoe adhabu.

Mashirika nayo yana deni. Mara nyingi mradi unafika kijijini ukiwa umeandikwa tayari, na wakaaji wanaitwa kusaini orodha ya waliohudhuria. Shirika linalotaka ubunifu lianze kwa kuuliza komite ya wazazi, wakulima na vijana wamekwisha kujaribu nini, kisha litenge sehemu ya pesa kwa majaribio yao.

Kijana wa Nyabiondo ambaye hakuna anayemwuliza anafikiri nini, wenye silaha wanajua njia ya kumfikia.