Ruzuku ipo, lakini jina lako limo daftarini?

MVUA za kwanza zinapokaribia mwezi Novemba, mkulima wa Choma, wilayani Igunga, huwa na maswali mawili: pembejeo atazipata wapi, na kwa bei gani. Serikali ina mipango ya kumsaidia, ila mingi haimfuati shambani. Mlango wa kwanza ni daftari la ofisi ya kijiji.

Tuanze na mbolea. Ruzuku ya sasa ilizinduliwa Mbeya, Agosti 8, 2022. Msimu ule mfuko wa kilo 50 wa DAP uliuzwa Sh70,000 kwa mkulima aliyesajiliwa, wakati bei ya soko ilikuwa imepita Sh130,000. Asiyesajiliwa alibaki na bei ya soko. Zamani, enzi za vocha zilizoanza msimu wa 2008/09, kamati ya kijiji ilichagua kaya za kupewa. Sasa mkulima huandikishwa mwenyewe: jina, simu, ukubwa wa shamba na mazao anayolima. Kisha hupata namba ya kumwonyesha wakala.

Anayeumia zaidi ni mkulima wa pembezoni mwa miji inayokua, iwe Igunga, Nzega au Tabora. Analala mjini, analima eka mbili za kukodi kijijini, na mwakani anahama tena kwa kuwa eneo limepimwa viwanja. Mtendaji wa mtaa anamwona mtu wa mjini. Yule wa kijiji hamjui kabisa. Mkulima wa namna hii asisubiri mawingu. Amwone ofisa ugani mapema, Julai au Agosti, akiwa na kitambulisho na laini ya simu yenye jina lake mwenyewe, si ya shemeji. Aliyeandikishwa zamani naye aende kuhuisha taarifa zake, hasa kama amebadili shamba au simu.

Kuna pia mikopo isiyo na riba ya halmashauri. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani itengwe: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya kubainika kasoro, vikiwamo vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Ofisa wa kumwona ni wa maendeleo ya jamii. Kikundi kiwe kimesajiliwa, chenye akaunti benki na shughuli inayoonekana. Na msiende kama ombaomba: sehemu ya mapato hayo ni ushuru wa mazao yenu, ya pamba na mpunga wa Choma.

Mfanyabiashara mdogo naye asisahau nafuu iliyotangazwa katika bajeti ya 2017/18: mzigo wa mazao usiozidi tani moja, ukivushwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, hautozwi ushuru. Akidaiwa kizuizini, adai risiti na aipeleke halmashauri.