Injini za utafutaji: Majina mengi, ghala moja

Agosti 11, 2025, Microsoft ilifunga huduma iliyokuwa ikiwauzia watengenezaji wa programu majibu ghafi ya Bing, injini yake ya utafutaji. Tangazo lilitoka Mei, hivyo waliojenga biashara zao juu ya huduma hiyo walikuwa na miezi mitatu ya kutafuta pa kushika.

Hapo ndipo udhaifu wa sekta hii ulipoonekana. Majina yako mengi, lakini mzigo unatoka ghala lile lile. DuckDuckGo hupata sehemu kubwa ya viungo vyake kutoka Bing. Ecosia ya Berlin na Qwant ya Paris nazo zimekua kwa majibu ya kununua. Mali yenyewe ni faharasa, yaani mabilioni ya kurasa zilizosomwa na kupangwa kufuata maneno yaliyomo. Kuijenga ni gharama, na kuihuisha kila siku ni gharama isiyokoma.

Google, yenye takribani asilimia 90 ya soko la dunia, huimudu. Kesi ambayo ndani yake mahakama ya Washington iliamua, Agosti 2024, kwamba imehodhi soko kinyume cha sheria ilifichua kwamba mwaka 2022 iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe chaguo la kwanza kwenye kivinjari cha Safari. Mshindani mdogo atatoa wapi fedha hizo?

Wanaotaka kujinasua wamepita njia tatu. Ya kwanza ni kugawana mzigo. YaCy, iliyoanzishwa na Mjerumani Michael Christen mwaka 2003, huwekwa kwenye kompyuta ya mtumiaji mwenyewe. Kompyuta hiyo husoma kurasa, huhifadhi kipande cha faharasa na kubadilishana na wenzake. Ukitafuta neno, swali huenda kwa wanaolishika. Hakuna makao makuu wala bili kubwa ya seva, ila majibu huchelewa, na ubora wake hutegemea nani yuko hewani.

Ya pili ni udalali. SearXNG, programu huria ambayo yeyote anaweza kuifunga kwenye seva yake, hupeleka swali kwa injini nyingi bila kumtaja muulizaji, kisha huunganisha majibu. Faragha inapatikana, uhuru bado: injini kubwa zikiizuia seva hiyo, majibu hukauka.

Ya tatu ndiyo nzito: kujenga faharasa nyingine. Mojeek ya Uingereza inafanya hivyo kwa roboti zake yenyewe. Umoja wa Ulaya ulitoa euro milioni 8.5 kwa mradi wa faharasa ya wazi ulioanza Septemba 2022, ukihusisha vyuo vikuu, vituo vya kompyuta kubwa na maabara ya fizikia ya CERN. Novemba 2024, Ecosia na Qwant zikatangaza kampuni ya ubia, nusu kwa nusu, ya kujenga faharasa itakayouzwa pia kwa wengine.

Njia hii ina makaburi yake. Cliqz ya Ujerumani ilifungwa 2020, na Neeva ya Marekani, iliyotoza ada badala ya kuweka matangazo, iliacha utafutaji wa umma 2023. Zote zilikuwa na wahandisi hodari. Kilichokosekana ni wateja wa kutosha. Ndiyo maana ubia wa Ulaya unastahili kufuatiliwa: unaingia sokoni na wateja wake wawili wa kwanza tayari, ambao ndio wenye hisa.