Duke wa Gordon: cheo kilikufa, mashamba yakabaki

Wandugu, tukisoma kwamba cheo cha ukoo fulani wa Ulaya "kimezimika", tunadhani ukoo wote uliisha, ao mfalme aliwanyang'anya. Si lazima. Tuchukue mfano mmoja wa Scotland.

Mwaka 1684 mfalme Charles II alimpandisha George Gordon. Alikuwa tayari Markizi wa Huntly. Akamfanya Duke, cheo cha juu kuliko vyote vya makabaila. Lakini sharti liliwekwa: kitarithiwa na wanaume tu, wa uzao halali wa huyo Duke wa kwanza. Hapo njo kifo chake kilianzia.

Nguvu yao ilikuwa ardhi. Duke wa nne, Alexander, alijenga upya jumba lake, Gordon Castle, akaona kijiji cha Fochabers kinamkaribia sana. Kuanzia 1776 kijiji kikahamishwa, kikajengwa upya pembeni. Kwenye ardhi yake vilevile, kule Glenlivet, mkulima mpangaji George Smith alipata leseni ya kutengeneza wiski mwaka 1824.

Duke wa tano, naye George, alioa Elizabeth Brodie mwaka 1813. Hawakuzaa. Alikuwa na watoto wa nje ya ndoa, ila sheria haikuwahesabu. Alipokufa 1836, urithi ukagawanyika mara tatu.

Cheo cha Duke kikazimika, juu hakuna aliyetimiza sharti. Cheo cha Markizi kilikuwa cha 1599, cha zamani zaidi. Kikarudi nyuma kwa mababu na kushukia ndugu wa mbali, wa tawi la Aboyne. Mashamba yakaenda kwa Duke wa Richmond, mtoto wa dada yake Charlotte, naye akaongeza Gordon kwenye jina lake. Mwaka 1876 Malkia Victoria akampa mtoto wa huyo Richmond cheo cha Duke wa Gordon. Jina ni lilelile, lakini kisheria ni cheo kingine, kipya.

Kwa hiyo cheo kilifuata damu ya wanaume peke yake, wakati ardhi iliweza kupitia kwa mwanamke. Na mpangaji wa Glenlivet? Shayiri yake ilibaki palepale, ila kodi ya shamba sasa ilienda kwa bwana mwingine.

Njo maana, ukisikia cheo kimezimika, uliza pia: na shamba, nani alilichukua?