Mgonjwa wa Kiharusi Asiachwe Kitandani

Mtu akipatwa na kiharusi, watu wa nyumbani hufanya kila wawezalo. Humlisha, humvika, humbeba. Hufanya hivyo kwa mapenzi, lakini mapenzi ya namna hii yaweza kumchelewesha kupona.

Kiharusi hutokea damu inapozuiwa kufika sehemu ya ubongo, au mshipa unapopasuka humo kichwani. Mdomo ukipinda ghafula, mkono ukilegea au maneno yakipotea, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Kiungo kilicholegea hakikufa, ila ubongo hauwezi tena kukiamrisha sawasawa. Na ubongo waweza kujifunza upya, kwa kurudia jambo lile lile mara nyingi. Kazi ya kuufundisha ni ya mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo.

Wengi hudhani mtaalamu huyu hukanda tu. Sivyo. Yeye hupima nguvu za viungo, kisha humfundisha mgonjwa kujigeuza, kuketi, kusimama, na akijaliwa, kutembea. Wataalamu hawa hufundishwa humu humu nchini, kama huko KCMC, Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971.

Lakini kwa mtu wa Mkumbara, safari ya kwenda hospitali ya Magunga, Korogwe, au ya Bombo, Tanga, yataka nauli na mtu wa kumsindikiza. Hawezi kwenda kila siku. Basi, siku ya kumwona mtaalamu, aende pia yule atakayemwuguza nyumbani. Atazame vizuri, aulize, na ajaribu kwa mikono yake kabla ya kuondoka.

Nyumbani yashikeni haya. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, asipate vidonda. Msimvute kwa mkono uliolegea, maana bega laweza kuteguka. Anapoketi, mkono huo uegemezwe juu ya mto. Kikombe kiwekwe anapoweza kukifikia, naye aachwe ajaribu mwenyewe, hata akikawia. Mazoezi aliyopewa yafanywe kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku. Haba na haba hujaza kibaba.

Wengine watarudi shambani, wengine watafika mlangoni tu. Lakini baba afikaye mlangoni akaamkiana na majirani si sawa na baba alalaye mchana kutwa akihesabu mabati. Msimnyime hatua hizo chache kwa kumhurumia.