Mlango wa Seli: Jinsi Mwili Unavyopokea Kolesteroli

Utangulizi

Mkulima wa majani chai wa Kericho au Bomet akipimwa damu huweza kuambiwa kwamba ana "mafuta mengi katika damu". Kauli hiyo humwelekeza kwenye sahani yake, naye aghalabu huanza kujilaumu kwa nyama na mursik. Makala haya yanafafanua kwamba kiwango cha kolesteroli hakitegemei tu kiingiacho kinywani, bali pia idadi na uzima wa milango ambayo seli huitumia kuiondoa katika damu. Milango hiyo huitwa vipokezi.

Shehena na Lori

Kolesteroli yenyewe si sumu. Seli huitumia kujenga utando wake, ini huitumia kutengeneza nyongo, na baadhi ya homoni hutokana nayo. Sehemu yake kubwa hutengenezwa na mwili wenyewe. Kwa kuwa haiyeyuki katika damu, husafirishwa ndani ya chembe ndogo za mafuta na protini ziitwazo lipoprotini. Chembe inayohusika zaidi hapa ni ile ifupishwayo LDL. Chembe moja hubeba molekyuli zaidi ya 1,500 za kolesteroli. Ni kama lori linalotoka kwenye vituo vya kununulia majani likielekea kiwanda cha Litein au Mogogosiek.

Mlangoni

Kipokezi hukaa juu ya uso wa seli, na kwa wingi zaidi katika ini. Huitambua protini iliyo kwenye LDL na kuinasa. Kisha sehemu hiyo ya utando hubonyea, hujifunga na kuwa kifuko kinachozama ndani. Humo asidi huongezeka, na kipokezi huachilia shehena yake. LDL hupelekwa kuvunjwavunjwa, kolesteroli ikatolewa, na kipokezi hurudi usoni kupokea nyingine. Mzunguko huo huchukua takriban dakika 10. Hapa mfano wa chai una mpaka wake: kiwandani lori hurudi barabarani, ilhali katika seli lori hubomolewa pamoja na shehena na bawabu ndiye anayerudi langoni.

Aidha, seli iliyotosheka hupunguza vipokezi vyake, mithili ya kiwanda kilicholemewa msimu wa mavuno mengi. Mafuta mazito ya wanyama nayo hupunguza kazi ya vipokezi vya ini. Kwa hiyo chakula kina nafasi yake, ila si chanzo pekee.

Mlango Unapokosekana

Utaratibu huu ulifumbuliwa na Michael Brown na Joseph Goldstein huko Dallas, Marekani, kuanzia mwaka wa 1973. Walichunguza seli za ngozi za wagonjwa waliorithi kolesteroli nyingi mno, wakagundua kwamba vipokezi vyao vilikuwa na kasoro au havikuwepo. Walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1985. Mtoto aliyerithi kasoro hiyo kwa wazazi wote wawili huweza kupatwa na mshtuko wa moyo akiwa bado mdogo, hata akila kwa kiasi.

Kila mchumaji anajua kwamba majani yakikawia guniani hupata joto, hugeuka mekundu na kukataliwa. Hali kadhalika, LDL iliyokosa mlango huzunguka muda mrefu, hupenya kuta za mishipa, huoksidishwa humo na hatimaye huchangia kuiziba.

Dawa za jamii ya statini huzuia seli za ini zisijitengenezee kolesteroli. Zinapopungukiwa, seli hizo huongeza vipokezi na kuivuta LDL kutoka katika damu. Kwa maneno mengine, dawa hizi hufungua milango zaidi.

Hitimisho

Kauli "mafuta mengi" hutaja shehena na kuuficha mlango. Mtu mwembamba, anayechuma chai kutwa na kula sukuma wiki, huweza kudhani kwamba haimhusu, ingawa baba na ami zake walifariki kwa maradhi ya moyo wakiwa na umri mdogo. Familia ya namna hiyo inahitaji kupimwa damu, watoto wakiwemo. Ni wajibu wa wataalamu wa Kiswahili na wa tiba kulieneza neno "kipokezi" ili mgonjwa aelezwe chanzo cha maradhi yake katika lugha anayoielewa, badala ya kuachiwa lawama ya chakula peke yake.